Mgao wa Filamu Kumi na Mbili

Paskazia Bujiku, ambaye wengi Shinyanga wanamjua kwa jina la Mama Rhoda, hakusomea ukutubi. Miaka kumi na tisa iliyopita aliajiriwa kuwa karani wa chuo cha uuguzi na ukunga, kazi ya kupiga chapa na kupokea barua, akakaa nayo wiki tatu. Wiki ya nne mkutubi wa zamani alistaafu, mkuu wa chuo akiwa safarini, na ufunguo wa maktaba ukaachwa mezani kwa karani. Mkuu aliporudi alikuta vumbi limefutwa, vitabu vimepangwa kwa urefu, na mwanafunzi mmoja aliyekuwa anakula karanga ameshafukuzwa. "Basi endelea," akasema. Hiyo ndiyo barua yake ya uteuzi, nyingine haijaandikwa mpaka leo.

Ni mama mfupi, mnene wa wastani, mwenye miwani iliyofungwa kamba na sauti ya mtu aliyekulia kwenye boma la ng'ombe wengi: akikuhitaji haji ulipo, anakuita kutoka aliko. Sauti hiyo hiyo ndiyo anayotumia kuwaambia wanafunzi wanyamaze. Vitabu vya maktaba yake amevisoma vyote, maana anaamini huwezi kulinda mali usiyoijua, kama vile mchungaji asiyejua idadi ya ng'ombe wake si mchungaji bali ni mtembezi. Kwa hiyo mama huyu, ambaye hajawahi kuvaa sare nyeupe hata siku moja, anaweza kukueleza hatua zote za uzazi bila kumeza mate.

Kilichomvuruga ni Nelly. Nelly alihitimu chuoni hapo, akapangiwa zahanati moja ya mbali sana, na mwaka jana alirudi kuchukua cheti chake. Alipita maktaba, akakaa meza ya dirishani, akaomba kitabu cha ukunga. Akafungua ukurasa anaoutaka bila kutafuta, akasoma kwa sauti: "Kanda mfuko wa uzazi mpaka ukaze." Kisha akakifunga.

"Mama Rhoda, sentensi hii nilikuwa naijua kwa moyo," akasema. "Yule mama alipoanza kutoka damu niliisema yote. Nikaweka mkono. Sikujua hasa ni wapi, sikujua ni nguvu kiasi gani. Niliogopa kumuumiza. Nilikuwa namsugua tu, kama ninayempaka mafuta. Gari lilipofika alikuwa ameshakufa. Kitabu hakionyeshi mkono, mama."

Paskazia alikirudisha kitabu kwenye rafu. Alirudi nyumbani akaunguza ugali. Roho ilimuuma, na haikupoa kesho yake wala mwezi uliofuata. Alikwenda kukiangalia kidoli cha kufundishia cha chuo, akakumbuka kwamba tumbo lake lilipasuka mwaka juzi likashonwa na fundi cherehani wa sokoni, na tangu hapo limekuwa gumu, ukilikanda linakukanda na wewe. Hapo ndipo alipoanza kutafuta filamu.

Filamu aliipata. Kampuni moja ya Dar es Salaam ilikuwa inauza filamu za mafunzo za Kiswahili kwa maktaba za vyuo, kumi na mbili kwa pamoja, kila moja na fani yake, zote zimepigwa humu humu nchini: wodini, mashambani, karakana, mashimoni. Namba saba iliitwa "Kuzuia Damu Baada ya Kujifungua." Kampuni ilimtumia kwenye simu sampuli ya dakika mbili. Paskazia akamwona mkunga wa makamo akivaa glavu, kamera iko juu ya bega lake, mkono unashuka kuelekea tumboni, na pale pale mkono ulipogusa ngozi, sampuli ikakatika.

Bei ilikuwa ya kumkatisha mtu tamaa. Lakini kulikuwa na punguzo: maktaba kumi zikinunua kwa pamoja, kila moja inalipa nusu tu. Mkuu wa chuo akasema kwa nusu anakubali, kwa bei kamili asimsikie tena. Wanafunzi arobaini na watatu wa mwaka wa mwisho walikuwa wanaondoka kwenda zahanati za vijijini mwezi wa sita, na Paskazia aliapa kwamba hakuna hata mmoja atakayepanda gari kabla hajauona ule mkono unafanya nini.

Maktaba kumi zilikuwepo. Ulikuwapo Umoja wa Maktaba za Vyuo vya Kanda, wenye wanachama kumi kamili kuanzia Shinyanga hadi Geita, na katiba yake ilisema wazi kwamba lengo lake ni ununuzi wa pamoja. Katika miaka sita ya uhai wake Umoja ulikuwa umenunua kwa pamoja majeneza mawili na kondoo mmoja wa Idi. Kondoo yule anakumbukwa hadi leo, kwa sababu mwenyekiti, Mwalimu Donatus Magesa, alimgawa kwa rula.

Magesa inabidi nimweleze, maana bila yeye hadithi hii ingeisha hapa kwa furaha. Kabla ya kuwa mkutubi wa chuo cha ufundi huko Geita, alikuwa karani wa mgao kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, kwa miaka kumi na moja. Mawe yakipanda kutoka shimoni hayaendi kusagwa moja kwa moja. Yanajazwa kwenye viroba, viroba vinagawanywa pale pale juani: vya mwenye eneo, vya mwenye duara, vya wachimbaji. Hakuna anayejua kiroba kipi kina dhahabu na kipi kina mawe ya kujengea choo. Ukishashika chako umeshashika, na kumgusia mwenzako kiroba chake ni kutafuta ugomvi na nuksi kwa pamoja. Magesa aligawa viroba miaka yote hiyo asipigwe hata kofi moja, na kwa machimbo yale hiyo ni shahada. Mtu mwenye haki namna hiyo anatisha kidogo.

Basi Paskazia akasimama kwenye mkutano, ukumbi wa kukodi nyuma ya baa moja mjini Shinyanga, akaeleza kwa ile sauti yake. "Tukinunua sote kumi, bei inashuka nusu. Na kila maktaba inapata filamu zote kumi na mbili."

 Mkutubi wa chuo cha ualimu akauliza, "Zote?"

"Zote."

"Na mimi zote, na yeye zote?"

"Zote, kila mtu zote."

Magesa akavua kofia, akaiweka mezani taratibu. "Mama Rhoda," akasema, "sisi kumi tukichanga tukanunua ng'ombe mmoja, jioni kila mtu anarudi nyumbani na ng'ombe?"

"Mwenyekiti, hii si ng'ombe."

"Kila tapeli niliyewahi kumfahamu alianza na maneno hayo hayo. 'Hii si ng'ombe.'" Akawageukia wajumbe. "Kule machimboni alikuja mtu akawaambia watu kumi kila mmoja wao ndiye mwenye duara zima. Walimwamini. Mpaka leo wawili wanachechemea."

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Paskazia akaeleza leseni, akaeleza nakala, akatoa mfano wa wimbo wa redioni unaosikika nyumba zote bila kupungua. Mkutubi wa chuo cha Biblia akasema redio hachangii mtu, kwa hiyo mfano hauhusiki. Saa mbili zilipita hivyo. Mwishowe wakafika mahali pa kukubaliana: Umoja utanunua, kila mtu atatia saini, lakini mali ikifika itagawanywa kwa utaratibu unaoeleweka na watu wenye akili zao. Paskazia akakubali. Alijiambia moyoni kwamba maboksi yakifika wataona kwa macho yao wenyewe, na ubishi utaisha.

Maboksi yakafika. Yalikuwa kumi, kila boksi na flashi kumi na mbili ndani yake, kila flashi na filamu yake na namba yake. Wajumbe waliyaona kwa macho yao, na badala ya kufurahi wakaingiwa na hofu.

"Wamekosea," Magesa akasema kwa sauti ya chini. "Tumenunua fungu moja, wametuma mafungu kumi. Kuna mtu huko Dar es Salaam atafukuzwa kazi."

Akampigia simu dada wa mauzo, Mwanaima, simu ikawekwa sauti kubwa ili wote wasikie.

"Shikamoo, baba," Mwanaima akasema.

"Marahaba, binti. Sikiliza, usiogope. Mali yako tisa iko salama. Sisi si wezi."

"Mali yangu ipi, baba?"

"Maboksi tisa mliyozidisha."

Mwanaima akacheka, kisha akaona hakuna mwenzake wa kucheka naye, akaacha. Akaeleza. Akaeleza tena. Sauti ikapanda. "Baba, ni yenu! Kumi, yenu kumi! Kila chuo na boksi lake!"

"Lete barua," Magesa akasema.

Barua ikaletwa kwa basi siku tatu baadaye, ikasema kila mwanachama anastahili seti kamili. Magesa aliisoma juani, akaigeuza, akapitisha kidole juu ya muhuri. Muhuri ulikuwa umechapwa kwa kompyuta pamoja na maandishi, haukuwa umegongwa. Akaifunga kwenye bahasha akairudisha, akiomba waandike upya na wagonge muhuri wa wino, na hiyo ikawa ni kazi ya wiki nyingine zisizojulikana idadi. Maboksi tisa yalipigwa lakiri yakapelekwa Bugarama, kwenye chuo kidogo cha ufundi wa madini, kwa kuwa ndicho pekee kilichokuwa na sefu ya chuma ya kufundishia utunzaji wa dhahabu. Boksi moja likabaki kwa ajili ya mgao.

Siku ya mgao Paskazia alifika mapema, akakaa mbele. Kwanza yalifanyika maombi mawili, ya Kikristo na ya Kiislamu. Kisha Magesa akatoa mzani mdogo wa kupimia dhahabu, alioazima kwa mnunuzi mmoja wa Kahama, akapima flashi moja baada ya nyingine ili asije mtu akalalamika kapewa nyepesi. Ya kumi na moja ikazidi kidogo. Ukatokea mzozo wa nusu saa. Ikafutwa kwa kitambaa, ikapimwa tena, ikalingana na wenzake, na wajumbe wakapiga makofi kwa dhati kabisa.

"Mwenyekiti," Paskazia akasema, na safari hii sauti yake haikufika hata ukuta wa pili, "sisi ni chuo cha wakunga. Naomba namba saba tu. Zingine chukueni zote."

"Mama Rhoda, ukichagua wewe na mimi nitachagua, na yule atachagua. Hapo si mgao tena, hapo ni soko." Hakulisema kwa ubaya. Akazitia flashi kwenye kiroba, akakitikisa, akaanza kuita majina.

Mgao ulikuwa wa haki tupu, na ndiyo maana ulikuwa wa ajabu. Chuo cha ualimu kilipata matumizi salama ya baruti. Chuo cha kilimo kilipata kufundisha hesabu darasa la kwanza. Chuo cha Biblia kilipata matengenezo ya injini ya dizeli, na nasikia wiki iliyofuata kwaya ilikosa waimbaji wa sauti ya nne kwa sababu wote walikuwa chini ya gari la mchungaji. Fungu moja lilikwenda kwa mwenye eneo kama ilivyo desturi, na mwenye eneo, baada ya mjadala, akaonekana kuwa ni mwenye baa, akakabidhiwa filamu ya kudhibiti kipindupindu. Fungu moja likawa la karani wa mgao. Paskazia akatia mkono kirobani, akatoka na ufugaji wa nyuki.

Namba saba ilikwenda Bugarama, kwa wachimbaji.

Aliyeichukua ni Marselino Ngassa, mtunza maktaba wa kile chuo cha madini, mwanaume mrefu, mpole, wa miaka arobaini hivi, ambaye alisoma jina la filamu aliyoipata, akalisoma tena, akaitia mfukoni bila kumtazama mtu.

Siku kumi na mbili kabla ya wanafunzi kuondoka Paskazia alimpigia simu, akamsalimu kwa Kisukuma.

"Ngassa, mhola?"

"Mhola, mayu. Shikamoo."

"Marahaba. Ile filamu umeiangalia?"

"Hapana, mayu. Iko kwenye droo. Mimi mwanaume mzima niiangalie ya nini?"

"Basi niazime. Siku moja tu."

Nyuma ya Ngassa ukasikika mlio wa karasha, mashine ya kusaga mawe. "Mayu, mimi nakuheshimu kama mama yangu mzazi. Lakini mgao ni mgao. Mtu hatoi kiroba chake kabla hakijaoshwa kuonekana kina dhahabu au hakina. Vijana wangu hapa wakisikia nimetoa, shimo la mazoezi hawashuki tena, watasema nimeleta nuksi. Na mwenyekiti ameandika kwenye daftari."

"Na yale maboksi tisa? Humo ndani ziko namba saba tisa, Ngassa. Tisa! Umezikalia."

"Zile ni za watu, mayu. Zina lakiri."

Paskazia alikata simu, akakaa kwenye kiti chake akiwa na hasira ya kulia. Kwa siku mbili hakumfukuza mtu maktaba, hata waliokula karanga. Alifikiria kwenda polisi, akaona atashtaki nini: kwamba wenzake tisa wamekataa kuiba? Siku ya tatu alikuwa nyumbani anamenya viazi vya kuchemsha na kula, jirani akaingia bila hodi, akavuta kigoda, akala naye. Paskazia akamtazama jirani yule anavyotafuna. Akaacha kisu, akachukua simu.

"Ngassa. Mgeni akikukuta unakula, unampigia mwenyekiti umwombe ruhusa ya kumkaribisha?"

"Aah, mayu! Hiyo itakuwa roho mbaya. Mgeni anakula kilichopo."

"Vizuri. Basi Ijumaa saa nne asubuhi utakuwa unaangalia filamu yako, na mimi nitakuwa nimekuja kukusalimia."

 Ngassa akapitia desturi yote, upande huu na upande ule, asione kosa. "Karibu, mayu," akasema, na ilisikika kwamba na yeye amefarijika. "Unakuja peke yako?"

"Na wanangu."

"Wangapi?"

"Arobaini na watatu."

Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema, ingawa aliyetunga msemo huo sidhani kama aliwahi kupokea basi zima. Ijumaa walipofika Bugarama walikuta uji umepikwa kwenye mapipa mawili na karakana imefagiliwa. Lakini hawakuwa peke yao. Wanafunzi sitini wa uchimbaji walikuwa wamekaa tayari kwenye mabenchi, wamevaa kofia ngumu, maana habari ilikuwa imeenea kwamba fungu lao linafunguliwa leo, na kiroba hakioshwi bila mwenyewe kuwepo. Paskazia akamvuta Ngassa pembeni.

"Hawa watoke. Ni mambo ya wanawake."

"Mayu, ni mali yao. Wewe ndiye mgeni."

Paskazia akaenda kukaa. Taa zikazimwa, projekta ikawashwa, na kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe wachimba dhahabu sitini na wakunga arobaini na watatu wakatazama pamoja mtoto akizaliwa.

Dakika ya kwanza kulikuwa na vicheko vya aibu. Dakika ya tatu vilikwisha. Dakika ya sita, Marwa, jitu la watu, ambaye hushuka mita sitini chini ya ardhi kwa kamba ya katani huku anapiga mluzi, alisimama, akasema "Samahani," akaanguka chali na kofia yake. Mwanafunzi mmoja wa ukunga, Salome, akaruka mabenchi mawili, akamwinua miguu, akamlegeza mkanda, akamwambia apumue. Filamu haikusimamishwa. Baada ya Marwa wakaanguka wengine wawili, wakapangwa ukutani kwa mstari, na Paskazia akawaambia kwa sauti yake yote waanguke kimya kimya, wenzao wanasoma.

Kisha ikafika ile sehemu. Mtoto ameshatoka, kondo limeshatoka, na damu haikatiki. Kamera ikasogea. Mkono wa mkunga ukashuka chini kidogo ya kitovu, ukashika, ukakanda kwa mzunguko, kwa nguvu, kwa nguvu ambayo Paskazia hakuitarajia, mkunga huku anamwagiza mwenzake alete sindano. Sauti ikasema: sikilizia mfuko ukikaza chini ya kiganja, unakuwa mgumu mfano wa mpira. Damu ikapungua. Ikapungua zaidi. Paskazia alitambua kwamba ameshika mkono wa mchimbaji asiyemjua, na mchimbaji naye ameshika wake.

"Simamisha," Ngassa akasema.

Picha ikaganda mkono ukiwa tumboni. Ngassa alikuwa amesimama katikati ya mwanga, filamu inamwangukia shatini.

"Ni hivyo tu?" akauliza.  Akamgeukia Salome. "Binti, nakuuliza. Ni mkono tu?"

"Na sindano, mjomba, kama ipo. Lakini unaanza na mkono. Mkono usiache mpaka msaada ufike."

"Mke wangu Paskalina," Ngassa akasema, "miaka mitatu sasa. Nesi alikuwa mmoja, akatoka mbio kutafuta gari. Akatuambia msiingie, ni mambo ya wanawake. Tulikuwa wanaume kumi na wawili pale mlangoni. Tuna mikono ya kuvunjia mwamba, kila mmoja miwili. Tukakaa nje tukimsikia anaita. Alikuwa ananiita mimi."

Paskazia alilia wazi wazi mbele ya watu mia moja na zaidi, hakutafuta hata kitambaa. Alikumbuka ni nani aliyesema watoke, asubuhi ile ile, na aibu ikamshika mpaka masikioni.

"Rudisha nyuma," akasema. "Waone tena. Wote."

Wakaona mara ya pili, na ya tatu. Mara ya nne wachimbaji walikuwa wanafanya kwa mikono yao hewani. Salome na wenzake wakajaza viroba mchanga wenye majimaji, wakaweka ndani mpira wa kitambaa, wakavilaza kwenye meza za karakana, na foleni ikapangwa. Ungepita nje siku ile ungewaona wanaume wenye kofia ngumu wameinamia viroba, wanakanda, na wasichana wanawafokea. "Usipapase, mjomba! Kanda! Shuka chini ya kitovu. Hapo. Usiache, nani amekuambia uache?" Marwa, ambaye rangi ilikuwa imemrudia, alikanda cha kwake mpaka kikapasuka, akapewa kingine. Nisingeamini kama nisingesimuliwa na watu watatu kwa nyakati tofauti, na wote watatu hawakucheka walipofika hapa.

Ngassa hakukanda. Alitoka, akaingia ofisini, na Paskazia akamfuata, akamkuta amepiga magoti mbele ya sefu, ufunguo mkono mmoja na simu mkono wa pili.

"Mwenyekiti, shikamoo. Nakujulisha kwamba nakata lakiri."

Sauti ya Magesa ikasikika hata mlangoni. "Kwa idhini ya nani? Barua bado haijarudi! Ngassa, mali ile si yetu mpaka muhuri ugongwe!"

"Mwenyekiti, mke wangu alikufa watu kumi na wawili wakiwa mlangoni wanangoja idhini."

 Akazungusha ufunguo, mlango wa sefu ukafunguka.

"Paskalina nilimzika mimi na nyie," Magesa akasema. Sauti ilikuwa imemwishia nguvu. "Jeneza lile Umoja ndio uliolinunua. Nililibeba upande wa miguu." Akapumua. "Na hiyo namba saba, Ngassa. Iko kwenye kila boksi?"

"Iko kwenye kila boksi, mwenyekiti."

"Binti yangu ana mimba ya miezi minane. Yuko kwangu hapa Geita."

Ngassa akakata lakiri kwa kisu. Akatoa boksi moja, akampa Paskazia bila kumsainisha popote, na yeye akalipokea kwa mikono miwili. "Wabeja, baba," akamshukuru. Kwenye simu Magesa alikuwa bado anaongea, anauliza Bugarama kuna gari gani la Geita linaloondoka sasa hivi, na kama hakuna, basi wasifunge ofisi, anakuja mwenyewe.